Afya ya Akili ya Mtoto Huanzia Nyumbani



Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani. Tangu 1904 inahudumia wagonjwa wa akili. Hata hivyo, kazi hii haiwezi kuachiwa hospitali peke yake.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na mengi hayatambuliwi. Umri huo mtoto bado analelewa na mzazi.

Dalili tunaziona: mtoto anajitenga na wenzake, hapati usingizi, anaanza tena kukojoa kitandani, masomo yanashuka ghafla. Sisi wazazi husema ni mkaidi, ana jini, au amerogwa. Tunashika fimbo au tunakwenda kwa mganga, na miezi inapita.

Tunawaomba wazazi mambo matatu: muulize mtoto kabla ya kumchapa, msikilize bila kumkatiza, hali ikizidi wiki 2, mpeleke zahanati. Maombi yaendelee pamoja na matibabu.

Kila usharika utenge nusu saa katika mkutano wa wazazi kwa somo hili. Wafadhili, tusaidieni kuwafundisha watakaolitoa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.