Faini ya Nyamongo, ndoo ya Shelui

Msikilizaji, habari ya shilingi bilioni 5.6 uliisikia. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo, faini hiyo kwa maji yaliyovuja kutoka bwawa la topesumu. Faini ni haki. Lakini mama wa Nyamongo anayechota maji Mto Tigithe, faini hiyo inamfikiaje? Anayelipa ni mwenye ndoo.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mei 2009 maji ya mgodi huohuo yaliingia Tigithe. Miaka kumi, mto uleule, wenye ndoo walewale. Faini ikiwa nafuu kuliko kuziba bwawa, mwenye mgodi yeyote ataiingiza kwenye hesabu zake pamoja na dizeli, kazi iendelee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mchafuzi alipe. Alipe kabla ya kuchafua basi: ajenge bwawa lisilovuja.

Hapa Iramba, mkoani Singida, mambo haya yanatuhusu. Dhahabu ya Sekenke imechimbwa tangu enzi za Mjerumani, na leo Shelui makarasha yanasaga mawe. Mchimbaji anachanganya zebaki na mchanga kwenye karai, mikono mitupu, anakamua kwa kitambaa, kisha anachoma juu ya mkaa. Zebaki aliyoinunua kwa jasho lake inapaa na moshi. Nyingine inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na mvua ikinyesha inafuata korongo kuelekea Mto Wembere, na maji ya Wembere yanaingia Ziwa Kitangiri, tunakovua perege na kambale. Kifaa cha kunasa mvuke kingemrudishia zebaki yake aitumie tena, asiinunue upya. Kuzuia kunamlipa hata yeye! Zebaki ikishazama kwenye tope la ziwa, nani ataitoa? Itaingia kwenye samaki, na anayelipa ni mwenye ndoo, mwenye sufuria, mwenye mimba.

Bodi ya Maji Bonde la Kati ofisi yake iko Singida mjini, si ng'ambo. Waje wapime maji, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kila mtu asome. Madiwani wa Iramba, msisubiri samaki waelee ndipo muitishe kikao! Wenye mialo ya kuoshea dhahabu, tandikeni maturubai kwenye mashimo yenu, jengeni kingo. Wanunuzi wa dhahabu, nanyi mchangie vifaa vya kunasa mvuke, faida mnaipata hapahapa. Kiangazi kikianza, muda upo. Kazi hiyo iishe kabla ya mvua za Novemba.