Kutoka Kua hadi Kisutu



Katika kisiwa cha Juani, huko Mafia, yamesimama magofu ya Kua: jumba la watawala, misikiti, makaburi na nyumba za mawe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini waliuvamia mji huo, wakaua na kuteka watu. Makao ya utawala yakawa kisiwa jirani cha Chole, ambako wafanyabiashara Wahindi walifungua maduka na kujenga hekalu. Mwaka 1913 Wajerumani waliyahamishia makao hayo Kilindoni, na Chole nayo ikafifia. Leo mizizi ya miti imezikumbatia kuta za hekalu lile. Kuta zipo, lakini hazisemi ni nani aliyewasha taa ya kwanza ndani yake.

Nayataja haya kwa kuwa mitaa yetu ya Dar es Salaam nayo yatutoka. Sisi tuliokulia Kisutu twazikumbuka kengele za jioni, harufu ya ubani, na muuza kahawa akigonganisha vikombe ili wazee watoke barazani. Twazikumbuka nyumba zilizochorwa juu ya kipaa cha mbele jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi. Nyingi zimebomolewa, na majina yale yamekwenda pamoja na kifusi.

Karibu na mitaa hiyo ingalipo Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Humo mtoto wa Kisutu na mtoto wa Kariakoo walikaa meza moja, wakanong'onezana, wakakemewa pamoja. Tulirudi nyumbani na kitabu kwapani, tukiihesabu siku ya kukirejesha.

Maktaba hiyo ndiyo ihifadhiyo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1975, nakala za machapisho ya nchi yetu. Basi ombi langu ni moja. Wazee wetu, simulieni; vijana, andikeni: nani aliishi nyumba ipi, aliuza nini, alimsitiri jirani yupi siku ya msiba. Na nakala ya kitabu hiki cha kumbukumbu ifikishwe Maktaba, ili mjukuu atakayeukuta mtaa umegeuka ayakute majina ya watu wake.