Kubadili Madirisha Huku Watu Wakiishi Ndani

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa majengo ya ghorofa ya kata



Mazungumzo haya yanahusu kazi ambayo kwa fundi huhesabiwa kwa siku, lakini kwa mwenye nyumba huhesabiwa kwa usiku. Ni kazi ya kung'oa madirisha ya zamani katika nyumba ya ghorofa na kuweka mapya, huku watu wakiendelea kulala, kupika na kulea watoto ndani yake.

Katika miji ya pwani ya Tanzania, majengo mengi ya ghorofa yamekwisha kuzeeka. Yapo yaliyojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, mara baada ya Uhuru. Yapo pia yaliyokuwa mali ya watu binafsi, ambayo yalitaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, hadi shughuli za ofisi hiyo zilipounganishwa na za Shirika mwaka 1990. Katika majengo ya umri huo bado yanaonekana madirisha ambayo mafundi huyaita luva: vipande vya kioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mkono mmoja wa kuvifungua vyote kwa pamoja. Nyuma yake kuna wavu wa mbu, na nyuma ya wavu kuna nondo.

Dirisha la namna hiyo likiwa zima ni dirisha jema. Taabu ni kwamba chumvi ya bahari hula vishikizo vya chuma, mkono wa kufungulia hukatika, na mahali pa kioo kilichovunjika huwekwa kipande cha plaiwudi. Mvua ya masika ikija na upepo, maji huingia hadi kitandani. Hapo ndipo mkazi huamua kuweka madirisha mapya ya aluminiamu, yale ya vioo viwili vinavyosukumwa kando. Uamuzi huo una sababu nzuri, kwa kuwa aluminiamu huistahimili chumvi kuliko chuma. Lakini kati ya uamuzi na utulivu kuna njia ndefu.

Mfano unaofaa ni wa mama mmoja mstaafu, anayeishi ghorofa ya tatu pamoja na binti yake na wajukuu wawili. Nyumba yao ina madirisha matatu. Fundi alifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuyang'oa yote pamoja na nondo zake. Fremu mpya zilipofika jioni, ya kwanza iliingia bila shida. Ya pili ilikataa kwa upana wa kidole kimoja, na ya tatu vivyo hivyo. Fundi alikuwa amepima dirisha moja tu, akaamini kwamba mengine ni sawa nalo. Fremu mbili zikarudishwa karakana, na nafasi mbili zikabaki wazi kwa siku tano.

Siku tano hizo zilikuwa za vuli. Usiku wa pili mvua ilinyesha, ikalowesha godoro na madaftari ya shule. Familia nzima ikahamia katika chumba kimoja, chini ya vyandarua viwili, kwa sababu mbu anayeeneza malaria hufanya kazi yake usiku, na nyumba isiyo na wavu haina mlinzi mwingine ila chandarua. Mjukuu mdogo, mwenye umri wa miaka mitatu, alikuwa amekwisha kujua kupanda juu ya kiti. Bibi yake alisukuma kabati la vyombo mbele ya nafasi ya sebuleni, na mbele ya ile ya chumbani akaweka kiti chake mwenyewe, akakikalia hadi alfajiri. Alifanya hivyo kwa siku zote tano. Huo ndio usiku ambao haumo katika hesabu ya fundi.

Yaliyompata mama huyo yangeweza kuepukwa kwa utaratibu ambao hauongezi gharama kubwa. Jambo la kwanza ni kipimo. Katika jengo la zamani hakuna nafasi mbili za dirisha zilizo sawa kabisa, kwa maana lipu imepigwa na kupigwa tena, na ukuta umetulia kwa namna yake. Kila nafasi ipimwe peke yake: upana juu, katikati na chini, urefu kushoto, katikati na kulia, kisha kitumike kipimo kilicho kidogo zaidi. Vipimo viandikwe katika karatasi mbili, moja ya fundi na moja ya mwenye nyumba.

Jambo la pili ni mfuatano wa kazi. Dirisha la zamani lisiguswe kabla jipya halijafika nyumbani na kujaribiwa kwa futi kamba. Kisha kibadilishwe chumba kimoja kwa siku moja, kuanzia asubuhi, ili jua linapotua fremu iwe imefungwa, nondo zimerudi na wavu uko mahali pake. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka chumba cha mwisho kikamilike. Makubaliano hayo yakiwekwa kwenye maandishi, fundi mwaminifu hanung'uniki, maana yanamlinda yeye pia.

Jambo la tatu ni vumbi na vioo. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari zaidi kwa watoto wadogo. Rangi hiyo isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa. Vitanda, vyombo na nguo vifunikwe kwa karatasi ya nailoni, na watoto wapelekwe kwa jirani mchana wa kazi. Huko chini, njia inayopita ukutani ifungwe kwa kamba na awekwe mtu wa kuilinda, kwa kuwa kipande cha kioo kitokacho ghorofa ya tatu hakimchagui mpita njia.

Jambo la nne husahauliwa na wengi, na mama huyo aliligundua miezi miwili baadaye. Vuli ilikwisha, kaskazi ikaanza, na joto la Januari likaingia ndani na kukaa. Madirisha yalikuwa mazuri, hayavuji wala hayapigi kelele, lakini chumba hakikupoa hata saa sita ya usiku. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Nafasi ya dirisha yenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.2 ina eneo la mita za mraba 1.44. Luva zikifunguliwa, upepo hupita karibu katika eneo lote. Vioo viwili vya kusukuma hufunguka nusu tu, kwa sababu kimoja hujificha nyuma ya kingine. Basi zinabaki mita za mraba 0.72, kabla hata ya kuhesabu wavu, ambao nao hupunguza upepo. Nyumba ile ilikuwa imelipia madirisha mapya na kupoteza karibu nusu ya hewa yake.

Mama huyo aliridhika na dirisha la sebuleni, lakini la chumba cha watoto alilibadili kwa mara ya pili. Safari hii lilikuwa la bawaba, linalofunguka lote kwa nje, nondo zikabaki ndani, na wavu ukawekewa fremu yake inayofunguka. Alilipa mara mbili kwa dirisha moja. Laiti angeulizwa mapema upepo huingia nyumbani kwake kutoka upande gani wakati wa kaskazi na upande gani wakati wa kusi, angelipa mara moja. Swali hilo fundi hawezi kulijibu. Jibu analo yule anayelala ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, mkazi na apite chumba kwa chumba na kuamua. Dirisha la chumba cha kulala linahitaji kufunguka lote. Dirisha la sebuleni lililo karibu na barabara huenda likafaa kuwa la kusukuma, ili kupunguza kelele na vumbi. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yasizibwe kwa saruji kwa sababu ya urembo. Na katika reli ya chini ya dirisha la kusukuma kuna vitundu vya kutolea maji. Fundi mwenye haraka huvijaza saruji, na masika ya kwanza hugeuza reli hiyo kuwa mfereji unaomwagikia ndani. Kabla ya kumalizia malipo, mkazi amimine kikombe cha maji katika reli hiyo na kutazama kama yanatokea nje.

La mwisho ni ujirani. Ukuta wa nje wa ghorofa haumhusu mtu mmoja. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inatambua kwamba jengo lina sehemu za mtu na sehemu za wote, na busara ya majirani ilitambua hivyo kabla ya sheria. Mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba azungumze na wenzake wa juu na wa chini, kisha aulize katika ofisi ya mhandisi wa halmashauri kama kazi yake inahitaji kibali, hasa ikiwa nafasi ya dirisha itapanuliwa. Majirani wanaoagiza kwa pamoja hupata pia nafuu ya kumlipa mlinzi mmoja wa njia na kushauriana juu ya fundi mmoja.

Mama wa ghorofa ya tatu sasa ana jirani wa ghorofa ya pili anayejiandaa kubadili madirisha yake manne. Jirani huyo ana mtoto mchanga. Wiki iliyopita mama alishuka na futi kamba na daftari, wakapima pamoja kila nafasi mara tatu, na hakuna mbili zilizolingana. Fundi ameambiwa aanze na jikoni, na chumba cha mtoto kiwe cha mwisho, siku ambayo mtoto na mama yake watalala ghorofa ya tatu.