Swila wa Majini na Msuli Usiosikia

Msikilizaji, hasa wewe mvuvi wa mwalo wa Katonga, swila wa majini unamjua: huwinda samaki kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, na mara nyingine hunasa nyavuni. Si mkorofi, lakini sumu yake hulenga mahali padogo mno mwilini.

Ukitaka kuvuta kamba, mshipa wa fahamu humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Juu ya msuli zipo protini za kuipokea, yaani vipokezi. Molekuli 2 zikishika kipokezi kimoja, kinafunguka, sodiamu inaingia, msuli unakaza. Sumu ya swila huziba palepale, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Ubongo unaamuru, mshipa unamwaga, msuli hausikii. Kope hulegea, kumeza kunakuwa kugumu, kisha pumzi. Na akili, jamani, bado nzima: mgonjwa anawasikia mkimlilia.

Ndugu zangu, mtu akiumwa na swila huyu, msichanje jeraha, msinyonye sumu. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, mumkimbize Hospitali ya Maweni hata kabla kope hazijaanza kulegea. Akisaidiwa kupumua mapema, anaweza kupona kabisa.