Ukimkopesha rafiki, andikianeni
Hotuba kwa wakazi wa Kariobangi



Fundi wa Light Industries anamkopesha rafiki yake Sh60,000. Miezi inapita, simu haishikwi. Afanye nini? Akimnyang'anya mashine, atashtakiwa yeye. Deni ni kesi ya madai, si ya polisi.

Mahakama ya Madai Madogo, iliyozinduliwa Milimani Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Wakili si lazima, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Kwanza, mdai aandike barua ya kudai, ataje kiasi na siku ya mwisho ya kulipa, abaki na nakala. Kisha akusanye ushahidi. Taarifa ya M-Pesa huonyesha pesa zilitumwa, lakini haisemi zilikuwa mkopo au zawadi. Ujumbe wa simu wa kuomba mkopo ndio unaosema. Asikawie, maana baada ya miaka 6 dai la mkataba hupitwa na wakati.

Kwa hivyo, siku ya kukopeshana, tumianeni ujumbe: kiasi gani, kitalipwa lini. Kuandikiana hakuvunji urafiki. Kunaulinda.