Jiwe Huvunjwa kwa Kipimo

Wahitimu wa ulipuaji miamba, huko machimboni mnakokwenda mtakutana na imani iliyoota mizizi, kwamba jiwe likigoma dawa yake ni kuongeza baruti. Nawaomba muikatae. Mwamba huvumilia sana kukandamizwa, lakini ukivutwa hukatika kwa takriban sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hiyo. Wimbi la mlipuko husafiri hadi upande wa mwamba ulio wazi, hurudi likiwa mvuto, nyufa hufunguka na gesi huzitanua. Shimo la baruti likichorongwa mbali mno na upande huo, wimbi hufika limefifia. Likiwa karibu mno, gesi hutoroka na mawe huruka. Kilo za ziada hazinyooshi shimo lililopinda. Hata baruti inayotumika zaidi migodini ni kipimo: amoniamu naitreti asilimia 94 hivi, dizeli asilimia 6. Dizeli ikipungua, hutoka moshi wa rangi ya chungwa, nao ni sumu. Na milisekunde chache kati ya fataki moja ya kuwashia baruti na nyingine huipa safu ya mbele ya mashimo nafasi ya kusogea kabla ya ile ya nyuma kulipuka.

Wapo watakaowaambia kwamba baruti ni nafuu kuliko kuvunja mapande makubwa ya jiwe mara ya pili. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa pande moja lililokwama kwenye krasha, mashine ya kusaga mawe, husimamisha kazi yote. Lakini mapande mengi hutoka juu ya shimo, pale palipozibwa kwa kokoto, pasipo na baruti kabisa. Nguvu isiyovunja jiwe hugeuka mtikisiko, kishindo na mawe ya kurushwa, na majirani wapo: kiwanda cha saruji cha Wazo, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966, na leo mji umekizunguka. Wengine watasema kipimo kina gharama, maana fataki za kielektroniki ni ghali. Ni kweli, ila kamba ya kupimia kina si ghali, na ndiyo inayosahauliwa kwanza. Basi kabla ya kujaza, pimeni kila shimo. Lililopungua lichorongwe tena, lililozidi lirudishiwe kokoto hadi kina chake, na king'ora kisilie mpaka la mwisho limepimwa.