Macho Hayana Pazia, Kamera Inalo

Mama uliye jikoni, hebu punguza moto usogee karibu. Baba, na wewe kijana uliyetoka shambani sasa hivi, karibuni. Leo twataka kuzungumza juu ya kitu kilichomo katika nyumba nyingi, nacho ni kamera. Si ile iliyo ndani ya simu, bali ile ya filamu, yenye lenzi kubwa mbele, ambayo hujilenga yenyewe.

Huenda kamera hiyo iliachwa na mzazi, au na mjomba aliyekuwa akipiga picha za harusi na ubatizo, ikawekwa sandukuni pamoja na vyeti vya zamani. Sasa kijana ameitoa, ameifuta vumbi, naye anauliza, "Hii hutumiwaje?" Swali hilo ni jema. Tusimjibu, "Rudisha hiyo, wakati wake umepita." Filamu bado hutengenezwa Marekani na Uingereza, na kamera nyingi za namna hii zingali nzima. Basi tumfundishe, maana katika kujifunza chombo hiki mna mambo yatufaayo hata sisi tusiopiga picha.

Kwanza tujue kilikotoka. Zamani mpiga picha alizungusha pete ya lenzi kwa vidole vyake, huku akichungulia, mpaka uso wa mtu uonekane wazi. Mwaka 1977 kampuni ya Konica ya Japani ilitoa kamera ndogo iliyoweza kujilenga. Mwaka 1981 Pentax ikafanya hivyo katika kamera kubwa, ile ambayo mtu huchungulia kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo. Lakini iliyofungua njia hasa ni Minolta 7000 ya mwaka 1985, kwa sababu mota ya kulenga na jicho la kupimia vyote vilikuwa ndani ya mwili wa kamera. Mwaka 1987 Canon wakaleta EOS 650, nao wakaitia mota ndani ya lenzi. Minolta ile haimo tena katika biashara ya kamera tangu mwaka 2006, lakini kazi ya mikono yake ingali ikizunguka duniani.

Sasa, kamera hujuaje mahali pa kulenga? Sikilizeni, si uchawi. Mwanga huingia kwa lenzi na kukipiga kioo kilichoinama. Sehemu kubwa ya mwanga hupanda juu hadi kwenye jicho lako. Lakini katikati ya kioo hicho pana mahali panapopitisha mwanga kidogo, nao huangukia kioo kingine kidogo kilicho nyuma, kikaupeleka chini kwenye sakafu ya kamera. Hapo mwanga hugawanywa kuwa picha mbili, na kamera hupima umbali ulio kati yake. Zikikaribiana mno, au zikiachana mno, kamera hujua kwamba lenzi imelenga mbele ya kitu au nyuma yake. Basi mota huizungusha lenzi mpaka umbali uwe ule unaotakiwa. Haya yote hutendeka kabla hujamaliza kusema "tabasamu."

Ndugu msikilizaji, angalia neno moja hapo: katikati. Kamera nyingi za mwanzo zilikuwa na mahali pamoja tu pa kupimia, napo ni katikati ya kile unachokiona. Kamera hizo haziulizi ni nani aliye wa maana. Huuliza tu ni nini kilicho katikati. Shikeni jambo hili, maana tutalirudia.

Haya, kijana ameishika kamera. Aanze wapi?

Aanze na betri. Kamera hii bila betri ni kama gari bila mafuta. Haiwezi hata kufyatua picha moja. Ikiwa betri za zamani zilisahauliwa ndani zikavuja, ule unga mweupe usafishwe taratibu, kisha ziwekwe betri mpya za aina iliyoandikwa mahali pake.

Halafu filamu. Fungua mgongo wa kamera penye kivuli, si juani. Weka mkebe wa filamu upande wake, vuta ulimi wa filamu mpaka ufike kwenye alama iliyowekwa, kisha ufunge. Nyingi za kamera hizi huivuta filamu zenyewe. Ikiwa mkebe una vile viraba vyeusi na vya fedha ubavuni, vilivyoanza kutumiwa mwaka 1983, kamera huvisoma na kujua kama filamu ni ya 100, 200 au 400. Ya 100 yataka mwanga mwingi. Ya 400 yafaa hata mawingu yakitanda. Tena, ukifungua mgongo utaona vipande vyembamba sana vilivyopangwa kama pazia. Usiviguse kwa kidole hata kidogo. Wahenga walituambia kwamba macho hayana pazia. Kamera inalo, na hilo ndilo pazia lenyewe. Hufunguka kwa muda mfupi mno, labda sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 60, au mara 500, kisha hufunga. Kilichopita hapo ndicho kitakachobaki.

Sasa tuje kwenye somo kubwa, nalo ni kitufe cha kufyatulia. Asiyefundishwa hukibonyeza chote kwa mara moja, kwa nguvu, kana kwamba anaua mbu. Lakini kitufe hiki kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu, kamera hulenga na kukuonyesha taa ndogo, au kutoa mlio, kukuambia kwamba iko tayari. Ukimalizia kubonyeza, picha hupigwa. Baina ya hatua hizo mbili pana nafasi ndogo, na humo ndimo mpiga picha anamofanya kazi yake.

Tutoe mfano. Bwana arusi na bibi arusi wamesimama mbele ya kanisa, na kati yao pana upenyo. Mpiga picha anawaweka vizuri, mmoja kulia, mwingine kushoto. Anabonyeza. Kamera nayo, kwa utiifu wote, inalenga kilicho katikati: ukuta ulio nyuma yao. Picha ikitoka studio, kila tofali la ukuta laonekana na ufa wake, lakini wale wawili waliokusanya ukoo mzima siku ile wametiwa ukungu. Kamera haikuharibika. Ilifanya sawasawa na ilivyotengenezwa.

Dawa yake ni rahisi. Elekeza katikati ya kamera kwenye uso wa bibi arusi. Bonyeza nusu. Taa ikiwaka, usiachilie kidole. Sasa igeuze kamera taratibu mpaka wote wawili wakae vema ndani ya picha, kisha malizia kubonyeza. Kamera italishika lile ulilolichagua hata kama haliko tena katikati. Kijana ajifunze jambo hili nyumbani bila filamu, mara 50, mara 100, mpaka kidole kijue chenyewe.

Yafaa pia ajue mahali kamera inaposhindwa. Mbele ya ukuta mweupe usio na alama, lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo. Gizani vivyo hivyo. Ukipiga picha ya watoto walio nyuma ya ua wa waya, yaweza kuulenga waya. Zile za zamani zilitafuta mistari iliyosimama wima. Mbele ya mistari iliyolala tu hubabaika, hata ukiisimamisha kamera wima ndipo ipate. Na ikishindwa kabisa, kuna swichi ndogo ya kurudisha kazi mikononi mwako. Zungusha pete mwenyewe, kama walivyofanya wazee. Hakuna aibu kufanya kwa mkono kile ambacho mashine haikiwezi.

Bado kuna jambo la mwanga, na hili latuhusu sana sisi Waafrika. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hudhani kwamba ulimwengu wote, ukichanganywa, ni rangi ya kijivu. Msimamishe nyanya yako mlangoni, mwangaza mkali wa mchana ukiwa nyuma yake, nayo kamera itaona mwanga mwingi, ipunguze, na uso wa nyanya utatoka mweusi kama mkaa, usio na macho wala tabasamu. Watu wengi wa zamani wamo katika albamu zetu namna hiyo: kofia yaonekana, suti yaonekana, uso haupo. Tusiseme kwamba ni kwa sababu ya weusi wao. Ni kwa sababu aliyeshika kamera hakuupimia uso.

Basi fanya hivi. Mgeuze nyanya mwanga umwangukie usoni, au umweke kivulini palipo peupe. Kama haiwezekani, tafuta alama ya kuongeza na kupunguza, uongeze moja au mbili. Kila moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili. Nguo nyeupe ya arusi ikijaa ndani ya picha, ongeza vilevile, isije ikatoka ya kijivu. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi kidogo kuliko ule uliopungua. Na kwaya iliyosimama safu tatu yataka tundu dogo la lenzi, tuseme namba 8, ili walio mbele na walio nyuma wote waonekane wazi. Namba ikiwa ndogo, kama 1.8, tundu huwa kubwa, na mmoja tu ndiye atakayekuwa wazi. Wengine watakuwa ukungu.

Wapenzi wasikilizaji, mwaona sasa tunakoelekea. Mashine imeondoa kazi ya kuzungusha pete. Haikuondoa kazi ya kuchagua.

Mkumbukeni Mohamed Amin, mwana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1943. Mwezi wa Oktoba mwaka 1984 alifika Korem, huko Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Kamera zilikuwa nyingi duniani mwaka ule, nyingine nzuri kupita zake. Lakini watu walikuwa wakifa kwa njaa pale Korem, na ilihitajiwa mtu aende, asimame, na kuielekeza kamera kwao. Picha zake zilipoonyeshwa, ulimwengu ukashtuka, na misaada ikaanza kumiminika. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko huko Addis Ababa. Akarudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea mpaka kifo chake mwaka 1996. Hakuna kamera iliyomchagulia mahali pa kwenda.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Msiba unapotokea, mara nyingi vijana hukimbia huku na huku wakitafuta picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza. Mzee ameishi miaka 80, amelea watoto na wajukuu, lakini picha pekee iliyopatikana ni ile ya kitambulisho. Au yumo katika picha ya harusi ya mwanawe, pembeni kabisa, nusu bega limekatwa. Miaka yote alikuwapo, ila hakuwa katikati, na hakuna aliyeigeuza kamera.

Siku hizi twapiga picha nyingi kwa simu, nazo hupotea pamoja na simu. Filamu ina picha 36 tu. Ukiisha kuzitumia, umemaliza. Tena hutaziona leo. Utangoja mpaka ziende studio zikasafishwe, na si kila mji ulio na studio ya kazi hiyo sasa. Uchache huo ndio mwalimu. Humfanya kijana ajiulize kabla ya kubonyeza: Picha hii ni ya nani? Ni nani amesimama pembeni? Mwanga umemwangukia, au nimemwacha gizani?

Na maswali hayo si ya wenye kamera peke yao. Mezani kwetu, katika vikao vya jamaa, katika kamati zetu za kanisa, kuna anayesimama katikati kila mara, na macho yetu hujilenga kwake yenyewe, kama mashine. Mwenye sauti kubwa husikiwa. Mwenye gari huonekana. Mjane aliyeketi benchi la mwisho, mtoto asiyekwenda shule, kijana aliyerudi kutoka mjini bila kazi, hao hutiwa ukungu, wala si kwa ubaya wa moyo. Ni kwa kubonyeza haraka tu. Yatupasa kujifunza ile nusu ya kwanza: kutulia, kumwelekea mtu, kuhakikisha kwamba tumemwona wazi, na kumshika hivyo hata mambo mengine yanapoingia.

Basi wewe kijana, juma hili tia filamu moja katika kamera ile ya mjomba. Picha ya kwanza usimpige rafiki yako aliyevaa vizuri. Nenda kwa nyanya, au kwa babu, au kwa jirani yule ambaye hakuna aliyewahi kumwomba picha. Mwombe ruhusa kwa heshima. Mketishe penye mwanga mwema. Zungumza naye kwanza, mpaka asahau kamera. Kisha elekeza katikati kwenye jicho lake, bonyeza nusu, ngoja taa. Vuta pumzi. Bonyeza.

Na picha ikirudi, usiifungie kabatini. Mpelekee ajione.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Tukijaliwa, tutakutana tena juma lijalo, saa kama hii.